Galaksi Iliyobandikwa Kinyume

Kazini, kwenye kituo cha utafiti wa anga, mtafiti huyu walimwita Mama Mzunguko, kwa sababu miaka mitatu mfululizo alishikilia kwamba ile galaksi changa, iliyo mbali kupindukia, inazunguka. Vipimo vya darubini ya angani vilipofika, mambo yakaenda mrama. Galaksi ikizunguka, upande mmoja unatujia na mwanga wake husogea kwenye bluu. Upande wa pili unatukimbia na wake huingia kwenye wekundu, hivyo mstari wa mwanga hulala mshazari. Mstari wa galaksi yake ulisimama wima, mkaidi kama msumari. Leo alikuwa ameshaandika barua ya kuifuta hoja yake mbele ya jopo la wanasayansi, imebaki kubonyeza kitufe cha kuituma tu.

Mama yake, fundi cherehani asiyejua kunyamaza, alikuwa amemletea chakula ofisini. Akaitazama picha ya galaksi iliyochapwa kwenye plastiki angavu na kubandikwa dirishani.

"Hii ndiyo inakukondesha?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Na mbona umeibandika ndani nje? Ona, namba za pembeni zimegeuka!"

Mtafiti akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Ni pale pale dirishani, rula mkononi, alipopima pembe ya kulaza mpasuo mwembamba wa darubini, unaopitisha mwanga wa galaksi. Picha ikiwa kinyume, pembe nayo iligeuka; basi mpasuo wote uliikatiza galaksi kwa upana badala ya urefu, mahali pasipo na anayekuja wala anayekwenda! Alitamani kujizaba kofi.

"Sasa si ukate upya?" fundi akauliza.

"Darubini hiyo haishikiki mara mbili, mama. Foleni yake ni ya miaka."

Lakini alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta. Mwenzake wa chumba cha pili aliwahi kuipima galaksi iliyo jirani na hii kwa darubini hiyo hiyo, na mpasuo wake ulipitia hii pia, kwa urefu. Hakuna aliyejali makombo hayo. Akafungua faili.

Mstari ulikuwa umelala mshazari, waziwazi, ncha moja kwenye bluu, nyingine kwenye wekundu.

"Inazunguka! Mama, inazunguka!" Akaruka, kiti kikaanguka, katibu muhtasi akachungulia mlangoni.

"Si ulisema tangu mwanzo?" mama akashangaa.

Machozi yakamtoka mtafiti. Akaifuta barua. Alipogeuka, mama yake alikuwa ameshaibandua picha, ameigeuza, anaibandika upya huku akilainisha gundi kwa kidole gumba, kama anayekunja pindo la gauni la arusi.