Uzi Mwekundu, Uzi Mweupe

Kisilu, saisi aliyetunza farasi wa shamba moja la kahawa huko Ruiru, aliamini kuwa farasi mgonjwa hujitangaza mwenyewe. Sultani, dume mweusi aliyeandaliwa kwa mashindano, manyoya yake yaling'aa. Lulu, jike mzee ambaye Kisilu alimlea tangu alipozaliwa, alikohoa asubuhi na jioni. Hivyo mwaka 1955, ilipotoka amri kuwa farasi wote wapimwe damu, na mwenye vijidudu vya ugonjwa unaoambukizwa kwenye hodhi za maji apigwe risasi, Kisilu alikosa raha.

Bwana Perez, daktari wa mifugo, alitoka Thika na sanduku la chupa. Kwa kuwa masaisi hawakujua kusoma, kila chupa ilifungwa uzi: mwekundu wa Sultani, mweupe wa Lulu. Perez alichoma mshipa wa shingo, akajaza chupa, akampa Kisilu afunge. Naye Kisilu, kwa mkono uliotulia kama wa mwenye haki, akazibadili nyuzi. Alijipa hoja kwamba mzungu mwenye shamba hangekubali dume wake auawe bila kupimwa mara ya pili. Sultani angeokoka, na Lulu pia.

Majibu yakaja baada ya siku nane. Uzi mwekundu, salama. Uzi mweupe, vijidudu.

Kisilu alimfuata mzungu barazani, Perez akiwapo, akavua kofia.

"Bwana, nyuzi nilizibadili mimi. Mgonjwa ni Sultani."

Mzungu akacheka. "Kwa ajili ya kizee chako hicho, Kisilu, ungemsingizia hata mama yako."

Perez alitazama uani, alikofungwa yule dume, akapendekeza apimwe tena. Mzungu akamuuliza kama cheti cha afya cha Sultani kina muhuri. Kilikuwa nao. Akakitia mfukoni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Lulu alipigwa risasi nyuma ya zizi, akikohoa vumbi la kahawa kama alivyolikohoa miaka yote.

Jumamosi Kisilu alimpeleka Sultani mashindanoni. Farasi thelathini walikunywa kwenye hodhi moja. Yeye akasimama mbali, akimshikia wake ndoo waliyotoka nayo nyumbani.

"We Kisilu," akaita Muigai, saisi wa shamba la jirani, "huyo wenu anaringa nini? Hawezi kunywa na wenzake?"

"Hawezi," akajibu Kisilu. "Huyu ana cheti."