Mahudhurio ya Apolinaria

Jumamosi ile, saa mbili asubuhi, Elieza alikuwa barazani kwake Cheyo akichuja asali. Alikuwa amefunga kitambaa mdomoni mwa ndoo, akamimina masega aliyokwisha kuyaponda, akakaa kwenye kigoda kusubiri, maana asali haina haraka. Wageni watatu walipoingia uani hakuinua macho.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Karibuni," akajibu, basi.

Wa kwanza alikuwa Mama Julieth, mwenyekiti wa jumuiya. Wa pili Fikiri, katibu, daftari lake kwapani. Na wa tatu alikuwa Apolinaria, mke wa Elieza, aliyefariki mwezi wa pili. Alivaa kitenge alichozikwa nacho, na miguu ilikuwa na vumbi mpaka magotini, kwa kuwa alitoka Ntalikwa, alikozikwa, kwa miguu.

"Hata kuitikia umesahau, Baba Tunu?" akauliza Apolinaria.

"Sijasahau. Nimeacha."

Kuacha kwenyewe kulikuwa na sababu, na Cheyo nzima iliijua. Apolinaria aliugua miezi saba. Alilazwa hospitali ya Kitete, akaruhusiwa, akalazwa tena, na Elieza ndiye aliyempelekea uji, akamgeuza, akamfulia. Muda wote huo jumuiya ilisali kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba, na kila Jumamosi Fikiri aliandika mbele ya jina la Apolinaria: hayupo. Alipofariki, wakubwa wa parokia walifungua daftari kabla hawajafungua Biblia. Wakakuta hayupo, hayupo, ukurasa mzima. Kanuni ikasomwa: asiyesali jumuiya hazikwi na kanisa. Elieza akasema mke wangu alikuwa mgonjwa. Wakasema taarifa ya ugonjwa haikuletwa kwa maandishi. Yeye aliishia darasa la tatu, maandishi angeyatoa wapi? Watu wa viti vya kuzunguka hawajui beseni la mgonjwa linamwagwa wapi, ila kanuni wanazijua zote.

Basi akamzika mwenyewe shambani Ntalikwa, yeye na jirani yake Sadiki, ambaye ni Mwislamu. Sadiki alipoweka koleo chini alitazama huku na huku, akauliza, "Hakuna mtu wenu wa kusema neno?" Hakukuwa na mtu. Wakafukia.

Tangu hapo Elieza hakukanyaga kanisani. Akaichagua Jumamosi iwe siku ya asali, na jumuiya ikisali nyumba ya karibu, aligonga ndoo kwa makusudi.

Apolinaria yeye alianza kuhudhuria mwezi wa tano. Alifika asubuhi kwenye nyumba ya zamu, akaketi mkekani karibu na mlango, mahali pake pa siku zote. Fikiri alisita kidogo, kwa sababu jina lilikuwa limeshakatwa kwa kalamu nyekundu. Akaliandika upya chini kabisa ya orodha. Toka siku hiyo Apolinaria hakukosa hata Jumamosi moja. "Marehemu anatushinda sisi wazima!" Mama Julieth alizoea kuwasimanga wanaochelewa. Na wakubwa walipoagiza kila jumuiya iunde kamati ya kuwatembelea walegevu na kuwarudisha kwenye imani, Apolinaria alipata kura zote.

"Kwa hiyo umekuja kikazi," alisema Elieza.

"Nimekuja kikazi. Jina lako ndilo la kwanza."

"Miezi yote hii unapita hapo nje, hodi hupigi."

"Nikichelewa wananiandika sipo." Apolinaria akajikung'uta vumbi, halikutoka. "Baba Tunu, sijalala tangu uliponiweka pale. Asiyeombewa halali. Na sisi ni wengi. Njia ile ya zamani ya misafara imejaa wapagazi waliofia safarini, wamekaa tu, kila mtu na mzigo wake pembeni. Wananiuliza kama daftari lina nafasi."

"Waje na barua za huko walikotoka," alisema Fikiri.

Elieza akamgeukia. "Wewe unamwandika yupo. Kama yupo, nendeni mkamwombee kaburini kwake alale. Mimi sitaki kingine."

"Kaka Elieza, ingekuwa uamuzi wangu ningekwenda leo hii," alisema Mama Julieth. "Wakubwa wanasema kaya nzima irudi kwanza. Wewe sali Jumamosi kumi na mbili bila kukosa, barua nitaipeleka kwa mikono yangu."

"Leo mmekuja watatu. Alipokuwa Kitete mlikuja wangapi?"

Mama Julieth akatazama asali. Fikiri akafungua daftari kana kwamba jibu limo humo, akalifunga.

"Njoo, mume wangu," alisema Apolinaria. "Hao waache. Njoo kwa ajili yangu."

Jumamosi iliyofuata akaenda. Alikaa mkekani kando ya mkewe, na kwa kuwa herufi zilimpiga chenga, Apolinaria alimwekea kidole chini ya kila neno la wimbo. Kidole kilikuwa cha baridi. Elieza alikifuata, akaimba. Watu wakasema neema imemrudia, naye hakubishana nao. Alikijua mwenyewe kilichomrudisha. Baada ya sala alimpandisha mkewe kwenye keria ya baiskeli, akampeleka Ntalikwa. Hakuwa na uzito wowote, hivyo mara kwa mara ilibidi apeleke mkono nyuma kupapasa kama bado yupo.

"Nipo," alisema Apolinaria. "Tazama mbele, utatutia shimoni."

Mara nyingine wakacheka. Jumamosi ya nane Elieza alimwambia akishalala hatamwona tena, je, hilo amelifikiria? Apolinaria akasema amelifikiria. Akasema amechoka sana. Elieza akanyonga baiskeli mpaka shambani.

Alitimiza Jumamosi zote kumi na mbili. Mama Julieth akapeleka barua kwa mikono yake kama alivyoahidi, na majibu yakarudi Alhamisi yakiwa na muhuri. Ijumaa mchana Elieza akaendesha mpaka Ntalikwa, akampa mkewe amsomee.

Apolinaria akasoma. Uongozi ulimpongeza marehemu kwa mahudhurio mazuri na kumpokea Bwana Elieza kwa furaha kubwa. Kuhusu sala ya mazishi, sala hiyo hufanyika siku ya mazishi, na siku hiyo ilishapita. Marehemu aendelee na kamati.

"Soma tena."

Akasoma tena. Maneno yalikuwa yale yale.

"Aliyesaini ni nani?"

"Haisomeki."

Elieza akakaa chini, kisha akasimama. Akavua kofia, akasema kama wao hawataki, ataomba yeye. Apolinaria akajilaza juu ya udongo, akanyoosha miguu, akafumba macho. Elieza akatafuta sala. Kanisani daima kulikuwa na mtu wa kuongoza, yeye alikuwa wa kuitikia tu. Iliyomjia ilikuwa moja, ile aliyoiongoza mwenyewe mezani kwake miaka thelathini na mmoja: sala ya kabla ya kula. Akaisema yote, pole pole, hakuruka kitu. Akaombea chakula kibarikiwe, na mikono iliyokiandaa.

"Amina," alisema Apolinaria.

Wakasubiri, kama watu wanaosubiri kuona kama dawa itakaa tumboni. Ng'ombe wakapita kwenda kunywa maji. Jua likasogea kidogo.

"Umelala?"

"Bado."

Elieza akairudia sala toka mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi. Apolinaria alibaki amefumba macho kitambo kirefu, naye Elieza akaanza kutumaini. Kisha akayafumbua.

"Umejitahidi," alisema. Akaketi, akajifunga kitenge vizuri. "Nenda sasa, giza lisikukute njiani. Na kesho baada ya sala usiondoke, tuna nyumba mbili za walegevu. Wamekuongeza kwenye kamati."

Elieza akapanda baiskeli. Apolinaria akabaki ameketi juu ya kaburi lake, akisubiri saa ya kuondoka kwenda kusali.