Shangazi Agoma Kupasuliwa

Kuna mwandishi mmoja ambaye nyumbani tulimwita Fundi, kwa sababu riwaya zake za mauaji hazikuwahi kutuangusha. Shangazi yangu, mpiga chapa wa mahakama aliyestaafu, alikuwa na utaratibu wake wa kuzisoma: mimi nachana sura ya mwisho naificha, yeye anamtaja muuaji, ndipo namsomea. Hakuwahi kukosea, wala hakuwahi kuchoka kujisifu.

Safari hii alisomea hospitalini, akisubiri kutolewa uvimbe tumboni. Tulishaambiwa kwamba asipopasuliwa hana muda mrefu. Asubuhi ya siku yenyewe akafunika kitabu, akatangaza kwamba aliyemuua yule tajiri wa kitabuni ni daktari wake.

Nikaenda koridoni na ile sura ya mwisho, nikaisoma. Nilidhani macho yananidanganya. Muuaji hakuwepo! Tajiri aliangukiwa na tanki la maji, tanki ambalo halikutajwa popote katika kitabu kizima, na mpelelezi akaenda zake kulala. Nilitamani kumzaba Fundi kofi. Lakini mgonjwa anayekwenda kupasuliwa unamwambiaje kwamba leo amekosea? Nikarudi, nikamwambia amepatia, ni daktari.

Furaha yake haikudumu. Daktari wa upasuaji aliingia akipiga mluzi, na yule wa kitabuni naye hupiga mluzi. Shangazi akavuta shuka hadi kidevuni, akasema mtu huyo hamgusi. Akamuuliza alikuwa wapi tajiri alipouawa. Daktari, maskini, akaanza kujitetea kwamba alikuwa zamu. Mama wa kitanda cha jirani naye akasema sindano hataki mpaka kieleweke.

Nesi akaninong'oneza kwamba chumba cha upasuaji kikipewa mgonjwa mwingine, basi tena. Ikabidi niseme ukweli. Nilipotoa zile kurasa mkobani, daktari alizinyakua, akasoma kwa sauti wodi nzima isikie, ajisafishe. Alipofika kwenye tanki, akageuza kurasa mbele na nyuma.

"Tanki?" Shangazi akauliza.

"Tanki, mama," daktari akajibu. "Hata mimi nimeshangaa."

Niliona aibu mpaka masikioni. Shangazi akazichukua kurasa, akazipitia mwenyewe, hasira zikimpanda. Kisha akazitupa chini, akashusha miguu, akapanda machela bila kusaidiwa na mtu.

"Haya, twende," akamwambia daktari. "Na unipasue vizuri, mwanangu. Siwezi kufa halafu hiki ndicho kiwe kitabu changu cha mwisho."