Tonge la Kaka Upatissa

Mwaka Mpya wetu wa jadi, ule wa Aprili, sikupikia nyumbani. Gesi ilikuwa imekwisha zamani, na watawala walioila nchi wameketi raha mustarehe katika jumba lao la Kolombo mbele ya bahari. Basi nikabeba chungu changu nikaenda kupikia mlangoni kwao, kwenye mahema ya wananchi waliokuwa wakiwataka waondoke. Sikubeba hata kijiwe. Mdomo wangu ulitosha.

Upande wa pili wa kizuizi alisimama kaka yangu Upatissa, sajenti wa polisi. Tulikuwa hatusemezani. Siku chache nyuma nilikuwa nimemwuliza wakiamriwa kuyang'oa mahema atafanyaje, akasema amri ni amri. Nikamwambia basi asiniite dada tena, aniite Soma tu kama mgeni. Na asubuhi hiyo kila mtu alijua amri iko njiani.

Saa ya heri iliyotajwa na wanajimu ikafika, maziwa yakafurika chunguni, dalili ya neema, watu wakashangilia. Wali wa maziwa ulipoiva nikaukata vipande, na hapo nikakwama. Mwaka Mpya mtu hajilishi. Mkubwa wa nyumba ndiye anayekutia tonge la kwanza kinywani. Tangu baba afariki, mkubwa wetu ni huyo huyo mwenye kofia ya chuma. Wenzangu wakanicheka, wakasema nile tu, maandamano hayana kaka. Nikakataa katakata. Nilikuwa na hasira naye, ndiyo, lakini mwaka usio na mkono wake niliuogopa kuliko rungu lake.

Nikapeleka sahani kizuizini. Kaka akavua glavu.

"Fumbua kinywa, Soma. Saa inapita."

Nikala huku nalia mbele za watu, wala sikuona haya. Kugeuka, nyuma yangu kuna foleni! Miezi ile ya kusaka petroli ilitufundisha: ukiona mtu amesimama, jipange, utauliza baadaye. Wengi walikuwa vijana walio mbali na kwao. Kaka akawalisha mmoja mmoja, kila mmoja akimtakia heri.

Mkuu wake akaja mbio: amri imefika, mahema yang'olewe sasa hivi.

"Sahani haijaisha, mkuu," kaka akasema, akamtia tonge anayefuata.

Kumkatiza mtu anayelisha Mwaka Mpya ni nuksi; mkuu akangoja iishe. Na haikuisha. Kila ilipopungua, akina mama walipitisha wali mwingine juu ya vichwa vya watu, wakicheka mpaka machozi, na kaka yangu akaendelea kulisha hadi jua likazama, mahema yetu yote yamesimama.