Kundi la Pili

Ujumbe ulikaa kwenye skrini kwa muda wa kumeza mate mara mbili, kisha ukafutwa. Lakini msimamizi alikuwa keshausoma wote.

"Jamani, leo nani anamshikia Mkato mafaili? Jana nimemshikia mie mpaka macho yakataka kudondoka. Mkewe kazidiwa. Na Bi Kengele asijue."

Aliyeuandika ni Mama Pacha, mmoja wa watu tisa aliowasimamia, kila mtu nyumbani kwake na kompyuta yake. Kazi yao ilikuwa kusikiliza simu za wateja wa bima zilizorekodiwa, kila simu faili lake, na kuziandika neno kwa neno. Kutwa nzima masikio yamejaa sauti za watu wasiowajua. Sauti ya bosi wao hawakuijua, maana ofisi ilitaka kila agizo liwe la maandishi.

Msimamizi alibaki ameduwaa mbele ya ubao wa kupigia pasi alioufanya meza. Kumbe wale tisa wana kundi jingine la simu ambalo yeye hayumo, na Mama Pacha kakosea mlango. Kumbe Bi Kengele ndiye yeye. Hayo yangemezeka. Lililomkata maini ni kwamba asubuhi ile ile alikuwa amepeleka ofisini barua ya tatu ya onyo dhidi ya Mkato, kwa kuchelewesha mafaili. Wenzake walijaribu kumziba, lakini nguo ya kuazima haisitiri makalio. Barua ya tatu ni kufukuzwa. Saa sita mchana akaunti yake ingefungwa, na sasa ilikuwa saa tano na nusu.

Yeye hakuwa mgeni wa mambo haya. Miaka kumi na moja nyuma kazi hii hii ilifanyika ukumbini, viti arobaini. Mtoto wa mtu akikohoa, meza nzima inajua kabla ya chai. Ni yeye aliyewaongoza wote arobaini wakavua vidude vya masikioni, wakakaa kimya mpaka mlango wa choo cha wanawake, uliokuwa haufungiki, ukawekwa komeo. Ilichukua saa mbili tu! Wakubwa hawakusahau. Waliufunga ukumbi, wakauza viti, wakatangaza: tumewapa uhuru, fanyeni kazi majumbani. Uhuru gani? Umeme wako, kiti chako, mgongo wako, na wa kukuuliza umeamkaje hayupo. Halafu wakamtafuta mwenye mdomo kuliko wote wakampa cheo. Naye akakipokea kwa mikono miwili. Hilo hakuwahi kujisamehe.

Akampigia mkuu wa ofisi.

"Dada, mfumo umeshaamua," mkuu alisema huku akitafuna kitu.

"Mfumo una mke?"

"Usinianze."

"Nauliza tu. Barua niliandika mimi, na mimi naifuta. Mkato alikuwa na ruhusa."

"Iko wapi? Mbona siioni?"

"Nilimpa kwa mdomo, nikasahau kuiandika."

Kutafuna kukakoma. "Kwa mdomo? Wewe unayezijua kanuni kama jina lako? Basi onyo linakuja kwako."

"Lije. Njia linaijua."

Saa sita ikapita, akaunti ya Mkato haikufungwa. Ndipo msimamizi akampigia, mara ya kwanza katika miaka minne.

"Shikamoo bosi! Yamebaki mawili tu, namalizia sasa hivi, nakuapia..."

"Marahaba. Sikukupigia kwa ajili ya mafaili, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

Nyuma yake magurudumu ya kitanda yalipita yakilia, na muuguzi akaomba njia.

"Nani kakwambia?"

"Barua imefutwa. Kaa na mkeo, kazi isikuumize kichwa."

"Nani kakwambia, bosi?" Sauti ilikuwa ya mtu anayefunga dirisha. "Sisi tuko salama. Ahsante." Akakata.

Jioni akampigia Mama Pacha. "Niingizeni na mimi humo kwenu."

Mama Pacha alicheka kwanza, kicheko cha mtu aliyefumwa. "Dada yangu, tukikuweka humo, tukakusengenye wapi?"

"Nisengenyeni nikiwepo."

"Ah-ah! Itabidi tufungue la tatu, na simu yangu imejaa." Kisha akashusha sauti. "Mkato katuambia barua imefutwa. Mungu akuzidishie. Lakini zile mbili za kwanza uliandika wewe."

"Hamkuniambia kuna mgonjwa."

"Ulituuliza lini?"

Msimamizi alikuwa amewatumia jumbe zisizohesabika, za kuhimiza, za kukumbusha, za kuonya. Hakukumbuka hata mmoja uliouliza kitu kisichokuwa faili.

"Basi akipata nafuu nijulishe."

"Nitakujulisha, dada."

Siku tano zikapita kimya. Kwenye kundi lake msimamizi aliandika kwamba mwenye tatizo nyumbani ampigie wakati wowote. Vidole gumba vinane vikanyanyuka. Simu haikulia.

Jumatatu asubuhi jina la Mkato likawaka kwenye skrini, dakika tatu kabla ya saa ya kuanza kazi. Mkewe karudi nyumbani, au kazikwa? Msimamizi alimtumia Mama Pacha swali, likasomwa, lisijibiwe. Akafungua ukurasa wa Mkato, vidole vikabaki juu ya vitufe. Hakujua aandike hongera au pole.

Akaandika: "Umeamkaje?"

Jibu lilifika papo hapo.

"Salama bosi. Nimeshaanza faili la kwanza."