Ushahidi wa Shimo la Kumi na Saba

Mpira ulisogea. Haukutikisika ukarudi mahali pake, kama walivyotaka niseme, ulizama. Ulikuwa umekaa juu ya nyasi ndefu kama yai juu ya kiota, na mwanangu Korbinian alipozikandamiza nyasi za nyuma yake kwa kichwa cha fimbo yake ya gofu, ukateremka ndani, na ile alama ya buluu aliyoichora mwenyewe juu yake ikageuka ikatazama chini. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya kamba ya watazamaji, rozari mfukoni, karibu kiasi cha kumsikia akipumua. Akaganda. Akainua macho, akaniona. Kisha akainamisha kichwa, akapiga, kana kwamba aliyesimama pale ni nguzo ya uzio.

Hasira iliyonishika dakika ile bado ninayo. Nimeipeleka kwenye kitubio mara nyingi, padre ameniombea, na nikirudi nyumbani naikuta imeshatangulia kukaa mezani.

Shimo la kumi na saba limelala juu ya konde letu. Marehemu mume wangu Alois alilikodisha kwa klabu ya gofu bei ya maziwa ilipoanguka, na hakuishi kuizoea sura yake mpya. Trekta lilimpindukia kwenye mteremko wa juu, akiwa anakata nyasi za ng'ombe wasiozidi vidole vya mikono. Tukabaki mimi na Korbi. Katika bonde letu mtoto asiyeteleza juu ya theluji anahesabiwa kama mgonjwa, na Korbi goti lake lilivunjika mapema. Akageukia gofu kwa sababu ilikuwa mlangoni. Stadler, mwenye baa karibu na kanisa, alikuwa akimwona anapita na mfuko wa fimbo begani anamwita kwa sauti watu wasikie.

"Korbi, huo mchezo ni wa wazee wa Vienna waliokatazwa kupanda ngazi. Wewe umekatazwa na nani?"

Alivumilia. Akawa mchezaji wa kulipwa, wa kwanza kutoka bondeni kwetu, akaishi ndani ya gari kuukuu akifuata mashindano madogo Slovakia, Ureno, Moroko, anakula mkate na soseji baridi, ananipigia simu Jumapili jioni kuniambia kama ameondolewa katikati ya mashindano au amefika mwisho. Mara nyingi alikuwa ameondolewa. Nilimwombea, si ashinde, bali asichoke. Alipopata nafasi kwenye ziara kubwa ya Ulaya, ile ya mashindano yenye fedha, Stadler alitundika picha yake baani kati ya wateleza theluji, na Daktari Haslwanter, rais wa klabu, akanikumbatia mbele ya watu. Huyo hajawahi kumtibu hata paka. Alisomea sheria, lakini kwetu mtu akishaupata huo udaktari, hata mkewe humwita hivyo.

Mchezo huu hauna refa wa kumfuata kila mtu. Mchezaji anajishtaki mwenyewe. Ukiusogeza mpira, unainua mkono, unamwita mwenzako, unaurudisha ulipokuwa, unajiongezea pigo, mnaendelea. Korbi ndiye aliyenifundisha hayo, jikoni kwangu, akiwa bado kijana mwembamba asiyeshiba. Nilipenda sana. Nilimwambia, basi huu ni mchezo wa Kikristo.

Mwaka ule mashindano ya mwisho ya msimu yaliletwa kwetu, na kila mtu bondeni alijua hesabu yake. Korbi akimaliza pale alipokuwa siku ile, anabaki kwenye ziara kubwa mwaka unaofuata. Akishuka kidogo tu, anarudi kwenye gari. Ndiyo maana alinitazama vile.

Korbi alipomaliza, mtu aliyembebea fimbo mchezaji mwenzake, Mdenmaki mmoja, akamwambia refa kwamba ameona kitu pale kwenye nyasi ndefu, lakini hana hakika. Wakamweka Korbi ndani ya kibanda cha mbao ambamo wachezaji hutia saini matokeo yao, wakamuuliza kabla hajasaini. Akasema mpira ulitikisika tu, ukarudi. Wakamuuliza nani alikuwa karibu.

Angeweza kusema hakuna mtu. Alisema: "Mama yangu alikuwepo. Muulizeni."

Alinitaja yeye. Hilo ndilo watu wa bonde hili hawataki kulisikia. Sikujipeleka. Aliniita nimbebee uongo wake kama nilivyombebea viatu vyake vya theluji, na hakuwa na wasiwasi hata chembe kwamba nitaubeba.

Daktari Haslwanter ndiye aliyetumwa kunichukua. Tulitembea pamoja kutoka kwenye kamba, yeye akiwasalimia watu kushoto na kulia, akinisemesha pembeni mwa mdomo.

"Bibi Notburga, utaulizwa kitu kidogo tu. Ulitikisika, ukarudi. Basi, unaenda kunywa kahawa."

"Ulikuwepo, Daktari?"

"Sikuwepo."

"Sasa umejuaje?"

Akacheka. "Wewe ni mama yake, jamani. Hata Bwana wetu alikuwa na mama. Ataelewa."

Niliona aibu kwa niaba yake, maana yeye hakuwa nayo.

Ndani ya kibanda Korbi alikuwa amekaa, penseli mkononi, anaitazama meza. Refa alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Graz, mpole, akasimama nilipoingia.

"Samahani kwa usumbufu, mama. Wewe uliona nini?"

Nikamweleza. Nyasi, fimbo, alama ya buluu.

"Na baada ya hapo, ulirudi juu?"

"Haukurudi."

"Una hakika?"

"Mama," Korbi akasema. Mara moja tu, bila kuinua kichwa. Alilisema kama mtu anayemwita mbwa aliyevuka barabara.

"Nina hakika," nikasema.

Wakampa adhabu ya mapigo mawili, kwa kuucheza mpira mahali pasipokuwa pake. Ilitosha kumtoa. Alipita mbele yangu mlangoni, na harufu yake ilikuwa ile ile ya nyasi na jasho aliyokuwa nayo baba yake.

Mwaka uliofuata alirudi kwenye mashindano madogo, kisha hata hayo akayaacha. Akaenda Karinthia, kusini mwa nchi, kuwafundisha wageni wa hoteli namna ya kushika fimbo. Stadler akaishusha picha. Dukani, jirani yangu Zenzi akaniinamia juu ya mizani.

"Mwenzangu, si ungesema tu jua lilikupiga machoni?"

"Jua lilikuwa mgongoni."

"Ah, Burgi. Wewe nawe. Mgongoni, machoni, nani angepima?"

Baba paroko naye, mtu ambaye kila Kwaresima hutuhubiria kuhusu ukweli mpaka mishumaa inaisha, akaniambia kuna wakati kunyamaza nako ni upendo. Nikamuuliza kama amri ya nane, ya kutosema uongo, ina nyongeza ya wachezaji gofu. Akaniuliza habari za ng'ombe.

Hayo yote ningeyameza. Lakini nikaanza kuona wanawake wananishika kiwiko tukishuka ngazi za kanisa, wananisomea namba ya wimbo kwa sauti, wananisogezea kikombe karibu na mkono. Nikambana Zenzi. Akazungusha maneno, mwishowe akatema. Korbi ndiye aliyewaambia, kwa simu, kwa huyu na yule: mama yangu mtu mwema, tatizo ni macho, ana mtoto wa jicho, haoni vizuri, msimlaumu. Hata huruma akanitilia ndani ya uongo huo. Mimi, ninayetia uzi kwenye sindano jioni bila kuwasha taa, niligeuzwa kipofu ili yeye abaki msafi.

Sikumpigia simu. Nilingoja.

Alikuja kiangazi kilichopita, mkesha wa Kupalizwa kwa Bikira Maria, bila kutoa taarifa. Nilikuwa nafunga mitishamba ya kubarikiwa kesho yake kanisani. Nikampa supu ya knödel, yale madonge ya mkate, akala, akaisifu, nami nikaendelea kufunga. Akaweka kijiko chini.

"Mama, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Unajua mwenyewe."

"Sema kwa kinywa chako."

"Niliusogeza. Niliona, na niliona kwamba wewe umeona."

Pengine kuna akina mama ambao hapo wangelia na kumshika kichwa. Mimi damu ilinipanda mpaka masikioni. Miaka yote ile alikuwa na ukweli huo mfukoni, akaniacha nitembee mikononi mwa watu.

"Maliza supu," nikamwambia. "Kesho baada ya misa utayasema hayo nje ya kanisa, wanaume wakiwa bado wamesimama. Na la macho yangu utalisema pia."

"Mama, hayo yamepita."

"Kwako yamepita."

"Kuna Daktari pale. Kuna Stadler. Unajua watakavyonicheka."

"Umezoea. Walikucheka ukiwa na fimbo begani."

Usiku huo alilala chumbani kwake, au hakulala; sikwenda kusikiliza.

Asubuhi aliketi upande wa wanaume, amenyoa. Misa ilipokwisha wanaume wakasimama kwenye kokoto kama kawaida yao, wanangoja mmoja aanze kwenda baani, na sisi wanawake tukasimama upande wetu na mitishamba yetu. Nilimwona akivua kofia. Alizungumza kwa muda. Sikusikia maneno, na sikusogea ili niyasikie. Nilimwona Stadler akiangalia viatu vyake. Nilimwona Daktari akianza kucheka, kisha akaacha, akavaa kofia, akaondoka peke yake. Kichwa kimoja kikageuka kunitazama, kisha kingine. Nikawatazama pia, mmoja mmoja, mpaka wakageuza nyuso.

Korbi akavuka kokoto, akaja upande wa wanawake, mahali ambapo wanaume hawaji, akasimama mbele yangu, kofia bado mkononi. Nikampa lile fungu la mitishamba alibebe. Tukashika njia ya nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, na sikumsemesha mpaka tulipofika darajani. Hapo nikamuuliza, huko Karinthia nguo anafuliwa na nani.