Tanuri la Zardar

Siku ya kuoka mikate, Arusyak aliwasha tanuri kabla jua halijashika mteremko wa mlima Aragats. Lilikuwa tanuri kama la kila nyumba pale kijijini, shimo la udongo lililozamishwa sakafuni, kina chake kikifika kifuani mwa mtu mzima. Wanawake hukaa kulizunguka. Mmoja husukuma unga, mwingine huutandaza kwenye mto mgumu wa kitambaa, wa tatu huinama na kuubandika kwenye ukuta wa shimo, kisha huuopoa kwa chuma chenye ncha iliyopinda. Anayeinama ndiye anayeungua nyusi, na siku hiyo alikuwa jirani yao Heghnar, ambaye nyusi zilimwishia zamani, akabaki na maneno.

Donge la mwisho lilikuwa la Zardar, mama mkwe wa Arusyak. Hilo hakuliachia mtu. Alilifanya mkate mdogo mnene kwa ajili ya wajukuu, akaubandika mwenyewe, akarudi kukaa. Heghnar alipoingiza chuma kuuopoa, hakuukuta. Alitoa mkate mwingine.

"Huu si wetu," alisema Heghnar. "Una habasoda juu."

"Labda wa jirani," alisema Arusyak.

"Jirani ni mimi, na mimi sili habasoda."

Waliukata, maana ulikuwa umeiva vizuri na watoto walikuwa wanangoja. Zardar aligeuza kipande chake. Mkate wa tanuri hubeba alama ya ukuta ulioushika, na upande wa chini wa mkate ule ulikuwa na mshono mrefu uliopinda. Aliupapasa kwa kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Huu umeokwa nyumbani kwetu," alisema. "Huo ni ufa alioziba baba, kwa udongo na manyoya ya mbuzi. Mama alimsema siku tatu kwamba ameuharibu ukuta."

Nyumbani kwao hakukuwa pale walipokaa, ingawa Zardar alikuwa ameishi pale miaka arobaini na kuzalia pale wana wanne. Kulikuwa ng'ambo ya mpaka, Uturuki, katika bonde moja la upande wa Mush, ambako tangu mauaji ya mwaka 1915 hakukubaki Muarmenia. Arusyak aliuliza kama aongeze kuni.

Kisa chenyewe kila mtu pale nyumbani alikijua, kwa sababu Zardar alikisimulia vilevile kila mara, bila kuongeza wala kupunguza. Askari walipokuja, wanaume walipelekwa darajani na hawakurudi. Wanawake waliambiwa watoke na walichoweza kubeba. Mama yake alimviringisha mdogo wake wa kiume, mtoto mchanga, ndani ya blanketi, akamlaza kwenye tanuri lililopoa, akafunika na kuacha upenyo wa hewa. Alijua jirani yao Mkurdi angekuja kuchungulia. Zardar alikuwa na miaka tisa. Mama akamwambia wangerudi kabla mtoto hajaamka. Siku ya nane mama alianguka njiani na askari hawakumngoja mtu.

Habari ya mkate ilimfikia Gurgen, mwenyekiti wa shamba la ushirika, kabla ya saa sita. Alikuja na kofia yake mkononi, akainama, akachungulia.

"Ametoka mtu?"

"Hakuna."

"Ameingia mtu?"

"Mkate tu," alisema Heghnar. "Umetoka mmoja, umeingia mmoja. Hesabu zako ziko sawa, lala usingizi."

Mpaka ule haukupitisha hata barua, na Gurgen alikuwa na watoto wa kulea. Alitafakari huku akitafuna kipande chenye habasoda. Mwishowe alisema mkate haukuomba ruhusa kwake, kwa hiyo yeye hajauona, na kama kuna kingine kilichobaki asingekikataa.

Walipooka tena, Zardar alibandika donge lake, kisha hakurudi kukaa. Aliinama na kuita kwa Kikurdi, lugha aliyoizungumza utotoni akicheza na watoto wa majirani. Alikuwa hajaitamka kwa miaka mingi, lakini ilikuja.

"Nani anaongea ndani ya tanuri langu?" ilijibu sauti ya mwanamke.

"Mwenye tanuri."

"Mwenye tanuri ni mimi."

"Basi ni letu sote, mwanangu. Ule mkate wangu mliuonaje?"

"Ulipungua chumvi."

Zardar akawatafsiria wenzake. "Si nilisema?" alisema Heghnar.

Yule mwanamke aliitwa Zeyno. Alisema ameolewa humohumo kijijini lakini huja kuoka kwa baba yake, kwa kuwa hakuna tanuri linaloivisha kama lile. Zardar alimuuliza baba yake aliipataje nyumba ile.  Kuni zikalia.

"Baba aliokotwa humu," alisema Zeyno. "Ndani ya tanuri. Nyanya ndiye aliyemwokota, akamlea pamoja na wanawe. Hatulizungumzi."

"Yuko hai?"

"Yuko uani, anachonga mpini wa jembe."

Zardar alikaa kitako sakafuni. Alifurahi hadi akaogopa. Alikuwa amemlilia mtoto yule miaka yote, na mtoto yule alikuwa mzee anayechonga mpini. Arusyak alimletea maji, akayashika tu. Nyumba hakuitaka, wala shamba, wala miti ya mlozi iliyokuwa nyuma ya nyumba. Alitaka kumwambia ndugu yake jina lake, kwa sababu hakuna mwingine chini ya jua aliyebaki akilijua.

"Mwite," alisema.

"Hatapenda. Kaka yangu ni polisi, na majirani hapa wana masikio." Kisha, kwa sauti ya chini: "Nitajaribu. Usiku mwema, shangazi." Ilikuwa asubuhi, lakini Zardar hakumsahihisha.

Mara ya tatu, ndugu yake alikuja mwenyewe. Walisikia kikohozi kwanza, kikohozi cha mtu aliyevuta tumbaku kali tangu ujana. Wanawake waliacha kusukuma unga.

"Binti yangu anasema unanitafuta," alisema.

"Nakutafuta. Wewe ulitoka wapi?"

"Nilitoka tanurini, kama mkate. Mungu aliniweka."

"Mama ndiye aliyekuweka. Mimi nilikuwa nimesimama hapo mlangoni nimeshika viatu vyako."

 Zardar alimsikia akipumua, na pumzi ile ilimpitia mwilini kama ya mtoto wake mwenyewe.

"Mama," alisema mwanamume yule, kwa adabu aliyompa mwanamke yeyote mzee, "wewe ni mtu mwema, nasikia kwa sauti. Lakini hapa hawajawahi kuishi watu wenu. Waulize wote. Mimi nimezaliwa hapa, nimezeekea hapa, na sijawahi kuwaona."

"Unaitwa Tatul," alisema Zardar. "Baba ndiye aliyekuita hivyo. Tatul."

Upande wa pili kifuniko kiliburutwa, kikaufunika mdomo wa tanuri. Moto wa upande huu ukakosa hewa ukazimika, na nusu ya unga haikuokwa. Heghnar aliubeba kwenda kwake kuumalizia.

Zardar alilala mpaka jioni, uso ukutani. Mwanawe alimwambia asiende tena tanurini, anajiumiza bure.  Siku ya kuoka ilipofika Zardar alikuja, akaosha mikono, akaongeza chumvi kwenye donge lake, akalibandika. Hakuita. Wanawake wenzake walizungumzia bei ya kondoo, kwa sababu ilibidi wazungumzie kitu.

Kikohozi kilisikika tena.

"Yule mtoto," alisema mwanamume, chinichini, kama anayeuliza njia usiku. "Ulisema aliitwa nani?"

"Tatul."



"Simjui," alisema, akachukua mkate.

Ikawa hivyo mwaka ule na mwaka uliofuata. Kila walipooka aliuliza, akaambiwa, akasema hamjui, akachukua mkate. Zardar hakuinuka kamwe pale tanurini kabla hajaulizwa.